Chama cha Dalia na Kisu Kimoja

Watu wakiniuliza chama chetu cha maua ya dalia kilianzaje, hutarajia niwaambie habari za mkutano, mwenyekiti na katiba. Hayo yalikuja baadaye. Chama kilianza na mkebe wa mafuta ya kupikia uliowekwa juu ya meza ya kanisa Jumapili moja, ukiwa na maua meupe, kila ua pana kama kisahani cha chai.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika kanisa letu dogo la mabati kwenye mwinuko ulio juu ya Chepilat, mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa majani chai mwenye shamba la kawaida na ng'ombe wachache wa maziwa. Meza yetu ilikuwa na maua ya plastiki yaliyopauka mpaka rangi zote zikafanana. Tulikuwa tumeyazoea hata hatukuyaona tena. Siku ile watoto waligeuka kwenye mabenchi kuangalia mkebe, na mhubiri mwenyewe alipoteza mstari aliokuwa akisoma.

Aliyeuleta alikuwa mama mjane, Mkisii, aliyeishi upande wetu wa barabara. Marehemu mume wake alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba makubwa ya chai kule Kericho, akanunua kipande cha ardhi karibu na sisi Wakipsigis, wakajenga. Mwaka wa vurugu za mpakani nyumba yao ilichomwa. Waliochoma walikuja mchana, na wengi wao hatukuwajua, ingawa njia waliijua. Mume alikuwa amekwisha kufa wakati huo. Mama alikimbilia kwa kaka zake upande wa Nyamira, akakaa huko mpaka mambo yakatulia. Aliporudi alikuta majivu na ua wa mchongoma. Katikati ya majivu dalia zake, zile nyeupe za mkebe, zilikuwa zimechipua, kwa sababu dalia huweka uhai wake chini, kwenye viazi, na moto ulipita juu.

Sisi majirani tulikwenda kumpa pole. Tulibeba mabati, maziwa na unga. Yeye hakutuuliza lolote. Mvua ilipokaribia alichimba viazi vile, akampa kila mtu aliyewahi kumtembelea kiazi kimoja, Mkipsigis kwa Mkisii. Mke wangu alikuja na cha kwetu kwenye mfuko wa aproni kama mtu aliyebeba yai. Namshukuru Mungu kwa kiazi kile. Nimepokea vitu vingi maishani, na vichache vilinifundisha kama hicho.

Hivyo basi, katika msimu mmoja, nyumba nyingi za mwinuko wetu zikawa na dalia mlangoni. Wanaume walicheka. Mmoja alimwambia mke wake mbele yangu, "Hii maua utapikia watoto na ugali?" Naye akamjibu, "Nitapika. Wewe utakula radio yako." Lakini jioni nilimwona mwanamume yule yule akiziba mashimo ya fuko kando ya dalia, kwa maana fuko hupenda viazi vile kuliko hata viazi vya kula.

Habari ikasafiri kwa njia ya kanisa. Wamama wakitembeleana katika ibada za mitaa walibeba viazi kwenye vikapu. Wakaja watu wa Kapsoit, karibu na mji wa Kericho, wakaja wengine kutoka Bomet. Tukaona tufanye chama. Mimi nikachaguliwa kuwa mwombaji wa chama, yaani wa kuongoza sala, cheo ambacho sijasikia kwenye chama kingine chochote, na mama yule mjane akawa mama wa chama. Hakukuwa na mtu aliyefikiria mwingine.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa viazi vipofu. Kiazi cha dalia hakichipui kwa sababu tu ni kinono. Ni lazima kikatwe na kipande cha shina la zamani, pale penye jicho. Ukikata vibaya, unampa mwenzako kiazi kizuri cha kutazama ambacho kitakaa udongoni mpaka kioze. Sasa fikiria chama chenye Wakipsigis na Wakisii ndani yake, muda mfupi baada ya yale yaliyopita, na mtu anapewa kiazi kipofu na mtu wa ng'ambo ya pili.

Fundi wa nguo wa pale sokoni, Mkipsigis mwenzangu, mfupi na mwenye sauti kubwa, alisimama mkutanoni akakirusha kiazi chake mezani.

"Mimi nimepewa kipofu! Yenu yote iko na macho, yangu peke yake ndiyo haioni. Mniambie nimekosea nani."

Mama mmoja Mkisii, ambaye ndiye alikuwa amempa, akamjibu bila kuinuka, "Fundi, wewe unashona suruali bila kupima mtu? Si ungechungulia kabla ya kuzika?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha pande mbili, na kila upande ulicheka kwa sababu yake. Niliogopa. Nilijua kiazi kinaweza kubeba mambo yasiyo yake.

Hapo ndipo tulipotunga sheria iliyokuwa fahari yetu. Hakuna mtu atakayekata viazi nyumbani kwake. Mwezi wa pili, wakati jua ni kali na majani chai yamepungua, kila mwanachama atachimba vichaka vyake vizima, shina pamoja na viazi vyake, na kuvileta kwenye kituo cha kuuzia majani, mahali ambapo pande zote mbili huuza na hakuna anayejiita mwenyeji. Atakayekata ni mmoja, mama wa chama, mbele ya macho ya wote. Atakata kwa kisu kimoja, kile cha mpini mwekundu cha jikoni ya kanisa, ili mtu asiseme kisu cha fulani kina nia. Kabla hajaanza, mimi nitaomba.

Siku ya kukata ikawa sikukuu. Watu walikuja na vichaka kwenye magunia na karai. Mama alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, miguu imenyooshwa, leso mapajani. Alipokea kichaka, akakigeuza mara moja au mbili kama mtu anayetafuta uso wa mtoto aliyefunikwa, kisha kisu kikapita. Alikiinua kila kiazi juu na kuonyesha jicho. "Hili hapa. Umeona? Usije ukaniambia hukuona." Akapangusa kisu kwenye leso, akaita kingine. Viazi vikachanganywa na kugawanywa bila kuuliza kipi kilitoka kwa nani. Fundi akapata chenye macho mengi, na mtu akamwambia, "Leo umepewa polisi." Kuanzia hapo sikumsikia mtu yeyote akilalamikia kipofu.

Tulifanya hata onyesho, kwenye uwanja wa kanisa, mwezi wa saba. Mvua ya mawe ilipiga siku mbili kabla na kuvunja nusu ya maua, tukaonyesha yaliyobaki. Waamuzi walikuwa mchungaji na mwalimu mkuu mstaafu, ambao hawakujua lolote, kwa hiyo walikuwa wa haki. Ua jeupe la mama lilishika nafasi ya kwanza. Fundi akauliza kwa sauti kama limeshinda ua au kabeji. Mama akamwambia aje alionje.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niandike.

Mwanachama wetu mmoja wa Kapsoit alikuwa akitunza bustani ya nyumba ya meneja katika shamba moja kubwa la chai. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kuvua kofia hata akizungumza na watoto. Meneja mpya alitaka nyasi tupu, akaamuru vitanda vya maua viondolewe. Mwenzetu akaomba vichaka vya dalia visitupwe, akaruhusiwa. Akaja navyo kwenye chama msimu ule, akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa ndugu.

Alikuwa ametangulia kutuonyesha tawi la kimojawapo. Majani yake yalikuwa na mistari ya njano iliyofuata mishipa, kijani na njano, kama kitambaa cha kitenge. Hatukuwahi kuona kitu kama hicho.

"Hii imevaa!" wamama wa kanisani wakasema. "Hata bila maua, majani peke yake yanatosha."

Kila mtu aliomba kipande. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jani la dalia liwe na njano. Tulikuwa watu wa chai, na jani la chai likiwa na njano tungalijua mara moja kuna shida, tungalimwita mtu. Lakini ua tulilichukua kuwa pambo, na katika pambo tuliona njano kuwa neema. Siku ya kukata tukampa mgeni heshima ya kuwa wa kwanza. Mimi niliomba, nikakumbuka kumshukuru Mungu hasa kwa ajili ya kichaka kile kutoka Kapsoit. Mama akakikata, akasifu macho yake, akapangusa kisu kwenye leso, akaita kinachofuata. Akaendelea hivyo mpaka jioni, kichaka kwa kichaka, chama kizima.

Mvua ilikuja vizuri mwaka ule. Dalia zikachipua, kisha zikasimama. Majani yalijikunja ukingoni. Mimea iliyozoea kumfikia mtu kifuani ilibaki magotini. Maua yalitoka madogo, yamepinda upande, kama yanayosikiliza kitu chini. Na yale majani ya kitenge yakatokea kila mahali, hata kwenye dalia nyeupe za mama, hata kwangu.

Tukafanya tulilojua. Tukaweka samadi. Tukanyunyiza majivu. Mke wangu aliosha majani kwa maji ya sabuni, moja moja, akiwa ameketi kwenye kigoda. Tukaomba, na sisemi hivyo kwa mzaha. Niliomba kwa moyo wangu wote kwa ajili ya maua, jambo ambalo nikiwa kijana ningaliliona la ajabu.

Wakati huo huo mama wa chama aliugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akashindwa kupanda mwinuko kuja kanisani. Binti yake alimpeleka hospitali ya Longisa, akalazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akalazwa tena. Walituambia moyo umechoka. Binti akahamia kwa jamaa karibu na hospitali ili amhudumie, na nyumba ikafungwa.

Tukamwita afisa wa kilimo. Alikuja kwa pikipiki, kijana wa watu, mwenye adabu. Alipita bustani yangu, akapita ya fundi, akasimama muda mrefu kwenye ua wa mama akiangalia kwa ndani, kwa sababu hapo ndipo zilipokuwa nyingi kuliko kwingine. Akatuuliza tunagawanyaje viazi. Fundi akamweleza kwa majivuno habari ya siku ya kukata, kituo cha majani, sala, kisu kimoja. Nilimwona afisa akitazama chini.

"Mzee," akaniambia mimi, "huu ni ugonjwa wa virusi. Unakaa kwenye maji ya mmea. Kisu kikikata ulio mgonjwa, halafu kikakata mzima, kimeshaupeleka. Ilitakiwa kukiosha kila mara, kwa dawa au kwa moto."

"Kilipanguswa," fundi akasema. "Kila mara kilipanguswa kwa leso."

"Dawa yake ni gani?" nikauliza.

"Hakuna, mzee. Ni kung'oa, viazi vyote, na kuchoma. Wadudu wadogo wa kijani nao wanausambaza, kwa hiyo hata bustani moja ikibaki, msipande kitu. Mkimaliza, nitawatafutia mbegu. Ya mbegu huwa safi zaidi."

Yule mwenzetu wa Kapsoit alikuwa amevua kofia yake. Alisema, "Ni mimi." Tulimwambia kila kitu ambacho watu huambiana, na hakuna kilichomfikia.

Watu waling'oa za kwao. Haikuwa rahisi, lakini kila mtu ana haki juu ya kilicho chake. Mke wangu aling'oa za kwetu mimi nikiwa kwenye majani, nadhani kwa kunihurumia. Bustani ikabaki moja tu, ile ya mama, kubwa kuliko zote, iliyo karibu na njia, bado ikitoa vimaua vyake vilivyopinda. Na wote wakanigeukia mimi.

Ningewezaje kumwambia? Mkono uliokata ulikuwa wake. Tuliuchagua kwa sababu ulikuwa mwadilifu, na kwa uadilifu ule ule uligusa kila kichaka bila kuruka hata kimoja. Na zaidi ya hilo, tulikuwa tunaombwa kuingia katika boma lake, yeye akiwa hayupo, tuharibu kilichopandwa humo na kukitia moto.

Nilipata nafasi kwenye lori la maziwa mpaka Bomet, kisha nikaenda Longisa. Alikuwa ameegemezwa kwa mito, mwembamba usoni, miguu mikubwa chini ya blanketi. Kabla sijaketi akauliza, "Mzee, dalia zangu zinasemaje?"

Nimelelewa na kufundishwa kusema kweli, na nimewafundisha wengine. Nilimwambia yote, pamoja na kisu. Nilisema polepole, nikitazama mikono yake juu ya blanketi, kwa sababu uso wake sikuweza kuutazama.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewagawia."

"Ni sisi sote, mama. Sheria ilikuwa yetu."

"Sheria haina mkono," akasema. Kisha, "Ngojeni nitoke. Nitang'oa mwenyewe. Msiingie kwangu kabla sijaja."

Nikamwahidi. Daktari alikuwa amemwambia labda wiki ijayo. Niliifikisha ahadi ile kwa wanachama, wakakubali. Wiki ijayo ikapita, daktari akasema labda ile nyingine. Nilikwenda tena Longisa, nikaomba naye, nikasoma zaburi, nikarudi. Miguu haikupungua. Kwenye mkutano fundi alisema kwa sauti aliyoidhani ni ya chini, "Tutangoja mpaka lini? Mvua za vuli ziko mlangoni. Hao wadudu hawajui kama mtu amelazwa." Mama yule Mkisii waliyegombana naye zamani akamwambia, "Nenda basi ukang'oe wewe, tukuone unavyoingia." Hakuna aliyetaka kuwa Mkipsigis wa kwanza kupita kwenye ua ule na jembe, na hakuna Mkisii aliyetaka kuwa ndiye aliyefungulia njia. Nilikuwa nikipita njia ile asubuhi na jioni, nikiona majani ya njano yakiongezeka nyuma ya mchongoma, na nilichoweza kufanya ni kupita.

Safari iliyofuata mama mwenyewe ndiye aliyeanza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sitatoka wiki hii, mzee. Wala hiyo ingine. Najua watu wanangoja."

"Wanangoja kwa moyo mwema."

"Waende wang'oe." Akavuta pumzi. "Lakini wabishe hodi. Siku ile nyingine hakuna aliyebisha."

Nikasema tutabisha.

Tulikwenda asubuhi, jua likiwa limetoka, ili mtu yeyote apitaye atuone na ajue tunafanya nini. Alikuwapo fundi, alikuwapo mtu wa Kapsoit aliyefika kwa basi la mapema, walikuwapo wamama wa pande zote mbili, mke wangu na mimi. Tulikuwa na majembe, magunia na mkokoteni. Langoni tukasimama. Fundi, kwa sababu ya sauti yake, ndiye aliyebisha.

"Hodi hapa!"

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kuku wa jirani alipita.

"Hodi mama!"

Tukangoja. Sijui kama wengine walikuwa wamelifikiria kabla. Mimi sikuwa nimelifikiria, na hapo langoni ndipo lilipotupata. Kwetu mtu hubisha, na akikosa jibu hurudi. Hakuna mtu wa heshima anayebisha kwenye nyumba tupu kisha akaingia.

"Hodi!" fundi akasema mara ya mwisho, na safari hii hakupaza sauti.

"Mzee, itika wewe," mmoja akaniambia. "Sema karibu, tuingie."

"Mimi si mwenye nyumba."

"Amekutuma."

"Amenituma nibishe. Hakunituma niitike."

"Basi mke wa mzee aitike, yeye ni mwanamke."

Mke wangu akatikisa kichwa. "Karibu yangu ni ya kwangu," akasema. "Hii siwezi."

Tulisimama pale tukitazamana, watu wazima, na majembe yetu. Hakuna aliyecheka. Mwishowe fundi aligeuza mkokoteni, na sisi tukamfuata, tukarudi barabarani na magunia matupu. Nilijisikia kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Nilimweleza mama siku chache baadaye. Alicheka mpaka akakohoa, binti yake akamshika mgongo.

"Na huyo fundi alibisha?"

"Ndiye aliyebisha. Nadhani hata Nyamira walisikia."

"Na hamkuingia."

"Hatukuingia."

Kicheko kikamwisha taratibu. Alitazama mlango wa wodi, ambao ulikuwa wazi, watu wa siku ya kutembelea wagonjwa wakipita na chupa za chai. Kisha akasema, kwa sauti ya mama aliye jikoni anayesikia watu uani, "Karibuni." Akanitazama. "Waambie nimesema karibuni. Waambie nimewasikia, nilikuwa mbali na mlango."

Tukaingia siku iliyofuata. Hatukubisha tena. Tulifanya kazi bila kuzungumza sana, na hatukuwasha moto humo. Nilikuwa nimekataa hilo, na hakuna aliyebishana nami. Kila kitu kilipelekwa kwa mkokoteni kwenye shimo nyuma ya kituo cha majani, mbali na macho ya nyumba ile.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa viazi vyenyewe. Juu, mmea ulikuwa umedumaa na kukunjamana, lakini jembe lilipoinua udongo, viazi vilitoka vinono, vya kahawia safi, vimeshikana kwenye shina kama vidole, na macho yake yalikuwa yameanza kuvimba rangi ya waridi. Kichaka baada ya kichaka. Nilitafuta kilichooza ili nipate nguvu, nikakosa. Mtu wa Kapsoit alikiweka kimoja kwenye kiganja, akakipangusa kwa kidole gumba.

"Mzee," akaniuliza, "una hakika?"

"Sina," nikamwambia. "Tumeambiwa."

Alikishika kiganjani muda kidogo zaidi, kana kwamba kingeweza kumwambia tofauti, kisha akakitia ndani ya gunia. Tukaendelea mpaka kitanda cha mwisho. Mwishowe wamama walifagia boma, wakafunga lango, na mmoja wao, sikumwona vizuri ni yupi, akaligusa kwa mkono kama mtu anayeaga.

Mbegu zilikuja msimu uliofuata kama afisa alivyosema, na chama kikaanza upya, kila mtu na kisu chake, na moto wa kukipitisha. Chama kipo hata leo, namshukuru Mungu. Mama hakuziona dalia hizo.

Lakini siku ile ya viazi vinono ilibidi niende Longisa kumpa habari, na nilikwenda nikiwa na udongo bado kwenye kucha, kwa maana lori lilikuwa linaondoka. Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. Nikamwambia imekwisha, nikamwambia nani alikuwapo, nikamwambia moto haukuwashwa kwake.

"Vilikuwa vimeoza?" akauliza.

Niliona alitaka niseme nini. Lingekuwa neno dogo, na lingempumzisha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ulimi wangu haukuweza.

"Hapana, mama. Vilikuwa vizuri."

"Vyote?"

"Vyote nilivyoshika mimi."

Akafumba macho. "Ungesema tu vimeoza, mzee."

"Najua."

Hakunikasirikia. Baada ya muda akaniomba nimgeuze alale ubavu wa pili, aangalie dirishani, kwa sababu binti alikuwa ametoka kutafuta chai. Nikasimama. Nimebeba magunia ya majani maisha yangu yote, nimezalisha ng'ombe, nimewashusha watu kaburini, lakini pale sikujua pa kumshika. Niliweka mkono begani nikauondoa, nikauweka chini ya mgongo, nikaogopa. Muuguzi aliyekuwa kitanda cha jirani akaja, akaniambia kwa upole, "Shika hapa, mzee, na hapa. Sasa pamoja na mimi." Tukamgeuza. Hakuwa mzito hata kidogo.